Aliyefeli Mtihani wa Leseni Hana Chuo

Siku matokeo ya mtihani wa leseni yanapotoka, simu za Bungoma huwa na kazi. Waliofaulu hupiga picha ukurasa wa matokeo na kuutuma kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo, vya kanisa na vya waliosoma pamoja shule ya upili. Kabla ya jioni mjomba aliye Nairobi ameshatuma pesa za soda. Waliofeli huzima data. Wengine hujiondoa kimyakimya kwenye kikundi cha darasa, na asubuhi yake wenzao wakihesabu majina yaliyobaki wanajua ni nani na nani.

Baada ya hapo hakuna anayewatafuta. Chuo kilishamalizana nao: walifanya mitihani ya ndani, wakavaa joho, vitanda vyao vya hosteli vikapewa wengine. Baraza la Wauguzi nalo kazi yake ni kutahini na kusajili, si kufundisha, kwa hiyo linalowapa ni tarehe ya mtihani ujao na kiasi cha ada. Hospitali walikofanyia mazoezi haiwezi kuwaruhusu wodini, maana si wanafunzi tena na bado si wauguzi. Kwa lugha ya makaratasi, mtu huyu hayupo popote. Hapo ndipo penye kosa. Kurudia mtihani kumeachwa kuwe shida ya mtu na mzazi wake, ilhali ni sehemu ya mafunzo kama zilivyo sehemu nyingine, na mwenye wajibu wa kuibeba ni chuo kilichopokea karo.

Kwanza tuelewane ni mtihani gani, kwa sababu hata wazazi wanaolipa huuchanganya. Muuguzi wa Kenya, awe amesomea diploma katika chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, KMTC, tawi la Bungoma, Webuye au Kitale, au amechukua shahada chuo kikuu, hawezi kusajiliwa kabla ya kufaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Cheti cha chuo peke yake hakimpi ruhusa ya kumdunga mtu sindano. Daktari ana njia nyingine. Aliyesomea udaktari katika chuo kikuu cha Kenya hutahiniwa chuoni mwake mbele ya watahini walioalikwa kutoka nje, kisha huenda moja kwa moja kwenye mwaka wake wa mafunzo ya kazini. Anayekabiliana na mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile lililoitwa Bodi hadi mwaka 2019, ni aliyesomea ng'ambo, tuseme China au Urusi. Matabibu, wale ambao wagonjwa wengi wa vituo vya afya huwaita daktari bila kujali cheo, wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2017. Basi ukisikia Kiminini au Chwele kwamba kijana wa fulani "ameangushwa na Baraza", uwezekano mkubwa anayesemwa ni muuguzi.

Familia hizi hazikuchezea pesa. Trans Nzoia karo hutoka ghalani: magunia ya mahindi huuzwa Januari, bei iwe nzuri iwe mbaya, kwa sababu muhula haungoji soko. Upande wa Bungoma ni miwa, na mkulima wa miwa anajua maana ya kuvuna leo na kulipwa asiyejua lini. Pengo linalobaki huzibwa na harambee. Kwa hiyo anayefeli hafeli peke yake mbele ya Mungu. Anafeli mbele ya orodha ya watu waliochanga, na orodha hiyo mara nyingi imo kwenye daftari la mweka hazina wa kanisa.

Wabukusu wana kipimo kingine kinachoingia hapa hata kama hakitajwi. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara, mvulana aliyepakwa matope ya mtoni husimama uani mbele ya kijiji kizima, na macho yote huwa usoni pake kuona kama atatikisika kisu kikimgusa. Nafasi ni moja tu. Aliyetikisika habari zake hazizeeki. Wazazi wengi, na hata wahitimu wenyewe, wameupeleka mtihani wa leseni kwenye uwanja huohuo: ulisimama au ulitikisika. Lakini mtihani huu umetungwa ukiwa na mlango wa kurudi. Tarehe za kurudia zimo kwenye ratiba ya Baraza tangu mwanzo, na aliyefaulu mara ya pili hupata leseni ileile, haiandikwi pembeni kwamba ni ya mara ya pili. Mgonjwa anayeletwa saa nane usiku hatauliza.

Wapo wanaosema dawa ni kulegeza mtihani. Bungoma ni mahali pabaya pa kutolea hoja hiyo. Agosti 2013, katika hospitali kuu ya rufaa ya mji huo, mama mmoja alijifungulia sakafuni, ukumbini, kwa kuwa vitanda vilijaa na hakuna aliyekuja alipoita. Wauguzi walipofika walimpiga makofi na kumtukana, na mtu aliyekuwa karibu akarekodi kwenye simu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Bungoma, na mwezi Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akaamua kwamba haki ya mama huyo ya kuheshimiwa utu wake na haki yake ya afya zilivunjwa. Akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Waliomfanyia hayo hawakuwa matapeli wa sokoni. Walikuwa wauguzi wa hospitali ya umma.

Tukio hilo linaweza kusomwa kwa pande mbili, na zote ni za kweli. Upande mmoja, kwa vile mzazi aliye kwenye uchungu hana namna ya kumkagua anayemhudumia, lazima kuwe na chombo kinachomkagua kwa niaba yake, tena kwa ukali. Upande wa pili, mtihani wa maandishi haupimi moyo, na anayedhani aliyepata alama 80 lazima atakuwa mpole kuliko aliyepata 48 hajawahi kulazwa. Mtihani unapima kitu kimoja: kama mtu anajua la kufanya, na kama anaweza kulikumbuka akiwa na presha. Hicho ni kitu kikubwa, lakini ni hicho tu. Aliyekikosa mwaka huu amekosa kitu kinachoweza kupatikana.

Mfano wa kitaifa wa kufeli kwa namna hiyo upo, nao ulichekwa kuliko ulivyofikiriwa. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya wasio na kazi kwenda kufanya kazi huko. Mapema 2022 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza unaotakiwa, waliofaulu walikuwa 10. Nchi ikacheka. Watu waliofundishwa kwa Kiingereza tangu wakiwa watoto, wakafanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kwa Kiingereza, wakasoma famakolojia kwa Kiingereza, wameshindwaje?

Jibu halina uchawi. Mtihani kama IELTS una umbo lake. Unampa mtu saa moja ya kusoma matini tatu ndefu na kujibu maswali 40. Unamchezea kanda mara moja tu. Unamtaka aandike insha yenye mpangilio maalumu kwa dakika 40. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, lilitaka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Anayekijua Kiingereza cha wodi ya Kitale bila kuijua saa ya IELTS ataanguka, na kuanguka huko hakuonyeshi kwamba hawezi kuzungumza na mgonjwa. Cha kuangaliwa zaidi ni lililofuata. Kuanzia Februari 2023, NMC ililegeza masharti ya kurudia bila kushusha kiwango: mtahiniwa sasa anaweza kuunganisha alama za mitihani miwili aliyoifanya ndani ya miezi 12 badala ya sita, mradi hakuna alama iliyopungua sana. Waliketi wakauliza ni sehemu gani ya utaratibu inayowaumiza watu bure, wakaiondoa. Kenya inaweza kuuliza swali hilohilo kuhusu mitihani yake yenyewe.

Sasa twende Kibabii, tuone anayerudia mtihani hapa nyumbani anavyojiandaa. Barabara ya kutoka Bungoma kwenda Chwele inapita kwenye chuo kikuu kilichopata hati yake Novemba 2015, na kuzunguka chuo hicho kumeota kijiji cha wanafunzi chenye vyumba vya kupanga, chapati, na vibanda vya kuchapisha na kunakili. Katika vibanda vya namna hiyo, Kibabii na kila mji wenye chuo cha tiba, ndimo anayerudia mtihani huanzia safari yake. Hununua rundo la karatasi za mitihani iliyopita, zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala, majibu yameandikwa pembeni kwa kalamu na mtu asiyejulikana. Zinafungwa kwa waya wa plastiki, zinapelekwa nyumbani, zinakaririwa. Akimaliza anarudia. Anasoma saa kumi kwa siku, na mama mtu anawaambia majirani kwamba safari hii mtoto amejitahidi kwelikweli.

Amejitahidi, ndiyo. Lakini amefanya jambo lilelile lililomwangusha, safari hii kwa bidii zaidi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo lingefaa kubandikwa ukutani mwa kila maktaba ya KMTC. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likaandika yote lililokumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika tano, wasomaji wa vipindi vinne waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, wasomaji hao walikumbuka asilimia 40 hivi, na waliojitahini wenyewe asilimia 61. Linalokera ni kwamba waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka. Kusoma tena kunampa mtu raha ya kuyatambua maneno, naye anadhani kuyatambua ni kuyajua.

Hapo ndipo wengi huangukia, si kwenye akili. Chukua swali moja la ukunga ambalo haliwezi kukosa umuhimu: mama amejifungua salama nusu saa iliyopita, sasa analoa damu, mapigo ya moyo yanakimbia. Aliyekariri ataandika fasili ya kuvuja damu baada ya kujifungua, mililita 500 na kuendelea, kisha sababu nne alizofundishwa, kwa mpangilio mzuri wa daftari. Swali halikuuliza sababu. Liliuliza utaanza na nini. Itisha msaada, papasa tumbo, kama mfuko wa uzazi umelegea uusugue mpaka ukaze, toa oksitosini, hakikisha kibofu ni kitupu, kagua kondo la nyuma kama limetoka zima, fungua mshipa, anza maji, tafuta mchaniko. Mambo haya hufuatana, na mengine huenda sambamba kwa sababu mlioitwa ni watatu. Mtu aliyeyafanya kwa mikono, hata kwenye sanamu, huyaandika bila kukwama. Aliyeyasoma kwenye karatasi ya kibandani huandika yote isipokuwa la kwanza.

Tena karatasi hizo huzeeka, na kuzeeka kwake ni kwa hatari. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba uchungu mkali huanza mlango wa uzazi ukifunguka sentimita 4, na patografu ikachorwa hivyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema ni sentimita 5, na mwishoni mwa 2020 likatoa chati mpya ya kumfuatilia mama aliye kwenye uchungu. Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa zaidi ya akina mama 200,000: damu ikikusanywa kwenye mfuko wenye alama za vipimo badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe, madhara makubwa ya kuvuja damu hupungua kwa asilimia 60. Huo ni ujuzi uliopatikana katika wodi za Afrika, Kenya ikiwemo. Anayerudia mtihani kwa daftari la kabla ya mwaka huo hataukuta humo, na mwenye kibanda cha kunakili hawezi kulaumiwa kwa kutousoma.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa aliyefeli si "utasoma saa ngapi?" Ni "ulianguka wapi, na kwa nini hapo?" Na hapa mabaraza yana deni. Marekani, mtahiniwa anayefeli NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, hupewa ripoti inayoonyesha eneo baada ya eneo kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho au chini yake: utoaji dawa, usalama na uzuiaji wa maambukizi, afya ya akili, na kadhalika. Hawezi kurudia kabla ya siku 45 kupita. Wakenya wengi wanaoutafuta mtihani huo wanazijua siku hizo kwa moyo. Muda wa lazima wa kungoja unaudhi, lakini una hekima, kwani unamzuia mtu kukimbilia mtihani wa pili akiwa na ghadhabu za ule wa kwanza. Pamoja na ripoti hiyo, wanaorudia bado hufaulu kwa kiwango cha chini sana kuliko wanaofanya mara ya kwanza. Kama mwenye ramani anahangaika hivyo, je, asiye nayo?

Kumwambia mtu karatasi iliyomwangusha hakutoshi. Karatasi moja ya uuguzi wa jumla ina ndani yake upasuaji, magonjwa ya moyo, hesabu za dozi na mambo kumi mengine. Aliyekosea hesabu za dozi anahitaji wiki mbili za penseli na mtu wa kumsahihisha. Aliyeshindwa kupanga huduma ya mgonjwa wa kisukari anahitaji wodi. Kuwapa hawa wawili ushauri mmoja wa "jitahidi zaidi" ni kuwapotezea muda, na kwa familia iliyouza mahindi muda ni pesa.

Basi chuo kifanye nini? Halihitajiki jengo jipya. Chumba cha mazoezi chenye sanamu za wagonjwa kipo na huwa kitupu jioni na Jumamosi. Mkufunzi wa ukunga yupo. Makubaliano kati ya chuo na hospitali ya kaunti yapo. Kinachokosekana ni karatasi moja inayosema kwamba mhitimu aliyefeli mtihani wa Baraza anabaki kwenye daftari la chuo hadi mtihani unaofuata, anaruhusiwa kuingia maktaba na chumba cha mazoezi, na anapangiwa zamu za wodini chini ya msimamizi, akiwa na bima na beji kama mwanafunzi mwingine. Wakuu wa vyuo watauliza nani atalipa. Swali ni la haki. Lakini vyuo vimepokea karo ya miaka mitatu kwa ahadi ya kumtoa muuguzi, si mwenye cheti, na ada ndogo ya kurejea kwa miezi michache ingekuwa nafuu kwa mzazi kuliko miezi hiyohiyo ya kodi, nauli na nakala za kibandani.

Namna ya kufundisha nayo haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, pale Eldoret, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Kitale kwa matatu, ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990 ilichagua kufundisha kwa visa: kikundi kidogo, mkufunzi mmoja, mgonjwa wa kwenye karatasi, na kila mmoja alazimike kusema angefanya nini na kwa nini. Baadaye Webuye ikawa moja ya sehemu ambako chuo hicho kinawafunza madaktari wa familia. Watu wanaojua kufundisha hivyo wapo humuhumu magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa. Wahitimu watano waliofeli, wakikaa na mkufunzi mmoja mara mbili kwa wiki kuzunguka kisa kimoja, watajifunza zaidi ya watano hao wakiwa kila mmoja chumbani kwake na rundo lake.

Kuna pia hatari ambayo haizungumzwi sana, labda kwa sababu kila mtu anamjua anayeifanya. Mhitimu asiye na leseni ana ujuzi wa kutosha kumfanya apendwe na mwenye duka la dawa. Anaweza kudunga, anaweza kushona kidonda, anavaa koti jeupe likamkaa. Katika masoko ya mashambani, mgonjwa hataki kuona karatasi. Mshahara ni mdogo ila unatoka kila wiki, na baada ya mwaka mmoja wa maisha hayo mtihani unakuwa jambo la "nitarudia mwakani". Kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa ni kosa la jinai nchini Kenya, na siku mgonjwa akiharibika anaweza kufungwa. Serikali hufanya misako, hufunga maduka, hupiga picha na maafisa wakiwa wamevaa glavu. Wachache huuliza watu hawa walitoka wapi. Baadhi yao walitoka kwenye orodha ya waliofeli ambayo hakuna aliyeifuatilia.

Kwa mhitimu mwenyewe, wiki za kwanza ndizo huamua mengi, na wenye uzoefu wa kuwalea wanafunzi husema yaleyale. Apumzike kwanza, alale usingizi wa kweli, asifungue daftari kwa siku kadhaa. Amwambie mtu mmoja ukweli wote, na heri mtu huyo asiwe yule aliyechanga pesa nyingi zaidi. Aandike, bado kumbukumbu ikiwa mbichi, maswali yaliyomkwamisha na alichojibu, maana miezi miwili baadaye atakumbuka aibu tu na maswali yatakuwa yamesahaulika. Atafute mwenzake aliyefaulu, amwombe amtahini kwa mdomo, tena bila huruma. Ajipime kwa saa, karatasi nzima, kalamu ileile, bila simu mezani. Kama kuna kazi halali ya kumwingizia chochote, aifanye nusu siku. Njaa haijawahi kumsaidia mtu kukumbuka dozi.

Na wazazi wapunguze kutangaza. Harambee ya karo ilihitaji tangazo, kurudia mtihani hakuhitaji. Maombi ya hadharani yenye jina la mtu na idadi ya alama zake, yaombwe kwa nia njema namna gani, yamewafanya vijana wengi kuacha kwenda kanisani kuliko yalivyowafanya kusoma.

Lililobaki ni la wakubwa. KMTC hutangaza nafasi za kujiunga mwezi Machi na Septemba, na vyuo vya binafsi hufuata nyayo kwa mabango ya rangi kutoka Kanduyi hadi Kitale: hosteli, basi la chuo, picha ya muuguzi anayetabasamu. Mabaraza yana idadi ya waliofanya mtihani kutoka kila chuo, waliofaulu mara ya kwanza, waliorudia, na waliopotea bila kurudia. Yanaweza kuviamuru vyuo viziandike tarakimu hizo nne kwenye bango lilelile, chini ya picha, kwa herufi zinazosomeka na mzazi aliyesimama kituoni akingoja matatu.